Harufu Ipi Ilinde Mahindi Yako? Mipango Minne ya Kilimo Mseto kwa Tabora na Kigoma

Mkulima wa Urambo anayengoja mvua za Novemba na mwenzake wa Buhigwe hupewa ushauri uleule: changanya mahindi na mimea inayofukuza wadudu kwa harufu. Ushauri ni wa kweli, ila umeachwa nusu. Mimea hiyo iko ya aina nyingi, kila mmoja una mdudu unaomweza na udongo unaoupenda, na ipo isiyovuka kiangazi cha huku. Hapa tunaiweka sambamba mipango minne ambayo mtu anaweza kuianza kwa jembe la mkono:

1. Desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde unaotambaa) ya jani la fedha katikati ya mahindi, mabingobingo (majani ya tembo) pembeni.
2. Desmodiamu ya jani la kijani katikati, nyasi za brakiaria aina ya Mulato II pembeni.
3. Nyasi za molasi katikati ya mahindi.
4. Mahindi na mikunde ya kula: maharage, kunde au karanga.

Miwili ya kwanza ndiyo inayoitwa sukuma-vuta. Ilibuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Kenya, pamoja na kituo cha utafiti cha Rothamsted cha Uingereza na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya. Mmea wa katikati humsukuma nondo atoke shambani, wa pembeni humvuta akatage huko.

Harufu inafanya nini hasa

Jani la mahindi likitafunwa, ndani ya sekunde chache hutoa ile harufu ya majani mabichi unayoisikia ukifyeka. Saa chache baadaye mmea hutoa harufu nyingine, nzito zaidi, na hii haitokani na jeraha peke yake. Inachochewa na mate ya kiwavi. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1990 kwamba nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi huifuata harufu hiyo mpaka kwenye mmea wenye mdudu. Mwaka 2004 ikaonekana kwamba mahindi jirani yaliyofikiwa na harufu ya majani yaliyojeruhiwa hujiweka tayari: yakitafunwa baadaye, kinga yao huja haraka na kwa nguvu zaidi.

Sukuma-vuta inatumia kanuni hiyohiyo, ila haingoji mahindi yaumie kwanza. Wazo lenyewe: unapanda mmea ambao wenyewe una harufu inayomwambia nondo kwamba hapa pameshaliwa, na pembeni unaweka nyasi inayonukia kama mahali pazuri pa kutaga. Nondo wa funza wa mabua (viwavi wanaotoboa bua la mahindi) hutaga usiku, na mabingobingo hutoa harufu ya kuwavuta kwa wingi wa takriban mara mia zaidi katika saa ya kwanza ya giza. Funza wakianguliwa kwenye mabingobingo, utomvu wa kunata huwakwamisha, wachache tu ndio hukua.

Mbegu nayo ina sehemu yake. Baadhi ya mahindi ya kienyeji, nondo akitaga tu, kabla hata ya yai kuanguliwa, hutoa harufu inayowaita nyigu wanaoshambulia mayai na wanaoshambulia viwavi. Machotara mengi yaliyojaribiwa hayakufanya hivyo. Hiyo si sababu ya kuacha chotara linalokupa magunia, lakini ni sababu ya kutodharau mbegu ya bibi.

Kuhusu mitego ya feromoni, ambayo watu huichanganya na habari hii: inanukia nondo jike, kwa hiyo inanasa madume. Inakuambia nondo wamefika. Haizuii majike kutaga.

Vigezo vya kulinganisha

Kila mpango tumeupima kwa mambo matano: mdudu gani unaomgusa na kwa njia ipi, kupanda kunahitaji nini, unavukaje kiangazi pamoja na mifugo na moto wake, unaleta nini zaidi ya ulinzi, na unakwama wapi. Kigezo cha tatu tumekipa uzito kuliko vingine. Tabora na Kigoma zina msimu mmoja wa mvua, na kuanzia Juni hadi Septemba au Oktoba ardhi ni kavu, mifugo imeachiwa mashambani, na moto unatembea porini. Mmea uliokauka au kuliwa hautoi harufu, hata ungekuwa na sifa gani kwenye kitabu.

1. Desmodiamu ya jani la fedha na mabingobingo

*Mdudu na harufu.* Huu ndio mpango wa asili, uliotengenezwa kwa ajili ya funza wa mabua. Mabingobingo yanavuta, desmodiamu inasukuma. Jambo kubwa zaidi kwa mashamba mengi ya Tabora liko chini ya ardhi: mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazofanya mbegu za kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi) kuota kisha zikashindwa kushika mzizi wa mahindi. Kiduha hufa bila kuzaa, na kwa kuwa mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi, kila msimu wa desmodiamu hai unapunguza akiba hiyo.

*Kupanda.* Mistari ya mahindi sentimita 75. Katikati ya kila mistari miwili, vuta kamba na uchimbe kifereji cha kina cha sentimita 1 hadi 2. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo mno. Changanya kiganja kimoja cha mbegu na viganja viwili vya mbolea ya fosfati au mchanga laini, mwaga kwa mstari, funika kidogo tu. Ukizika kwa kina cha zaidi ya sentimita 2, nyingi hazitoki. Kilo moja hutosha takriban ekari. Udongo wa kichanga usio na fosfati huipa desmodiamu mwanzo mbaya, kwa hiyo ukipata mbolea usiweke mchanga.

Wanaolima kwa matuta waipande ubavuni mwa tuta. Mbegu iliyoko kwenye mfereji wa kati ya matuta itafukiwa na mchanga siku ya mvua kubwa ya kwanza.

Mabingobingo: mistari mitatu kuzunguka shamba, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashina, vipando vya pingili tatu. Acha mita 1 kati ya mstari wa ndani na mahindi. Yapande kabla ya mahindi au siku ileile, maana mabingobingo yaliyochelewa kukua hayamvuti nondo vizuri.

Fanya hesabu ya eneo kabla hujashika jembe. Shamba la mita 45 kwa 45, yaani nusu ekari, litabaki na mita 40 kwa 40 za mahindi. Ukanda umechukua mita za mraba 425 kati ya 2,025, karibu moja ya tano, na unahitaji vipando zaidi kidogo ya 1,000. Kwenye kishamba cha mita 20 kwa 20 hali ni tofauti kabisa: mahindi yanabaki kwenye mita 15 kwa 15, na karibu nusu ya ardhi imeenda kwa nyasi. Upande wa pili, kipande kimoja kisizidi mita 50 kwa 50, la sivyo mahindi ya katikati yanakuwa mbali na mvuto wa pembeni. Shamba kubwa ligawe vipande.

*Kiangazi, mifugo, moto.* Hapa ndipo penye mashaka. Jani la fedha linapenda mvua ya kutosha na hewa isiyo ya joto kali. Milimani Buhigwe na Kasulu lina nafasi nzuri. Kwenye kichanga cha Uyui au Kaliua hukonda sana ifikapo Agosti, na Nzega na Igunga hatungelishauri. Mabingobingo yenyewe huvumilia, ila huacha kutoa majani mapya, na mbuzi huyafikia kwanza.

*Faida nyingine.* Malisho, tena mengi. Kata mabingobingo ya kwanza yakifika kimo cha mita 1 hadi 1.5, kama miezi mitatu, ukiacha kisiki cha sentimita 10. Anza na mstari wa ndani, kisha wa pili, kisha wa nje. Ukifyeka yote siku moja, kwa wiki kadhaa huna cha kumvuta nondo. Desmodiamu huongeza naitrojeni na kufunika udongo.

*Kinachokwama.* Palizi. Wiki sita za kwanza desmodiamu inafanana na magugu, na kibarua asiyeonyeshwa jani lake ataing'oa yote kwa nia njema. Palilia wiki ya 3 na tena wiki ya 5 au 6, kwa mkono karibu na mstari. Tatizo la pili ni ugonjwa wa kudumaa wa mabingobingo, uliosumbua sana Kenya: mashina yanatoa majani madogo ya manjano na kuwa kichaka kifupi. Husafiri kwa vipando, hivyo chukua vipando kwenye shamba ambalo umeliona mwenyewe likichipua vizuri baada ya kukatwa.

*Anayefaa.* Mwenye ng'ombe wa kufungia ndani, kwenye nyanda za juu za Kigoma, hasa kama kiduha kimeanza.

2. Desmodiamu ya jani la kijani na brakiaria

*Mdudu na harufu.* Mpango huu ulirekebishwa kwa ajili ya maeneo makavu, na ndio wenye takwimu bora dhidi ya viwavijeshi vamizi walioingia Tanzania mwaka 2017. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, kwenye mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta viwavi kwa kila mmea wamepungua kwa asilimia 82.7 na uharibifu kwa asilimia 86.7, ukilinganisha na mahindi peke yake.

Kwa nini hasa, wataalamu bado wanabishana. Utafiti wa 2022 ulionyesha harufu ya mimea hii humkimbiza nondo wa viwavijeshi na kuwavuta nyigu wanaomshambulia. Mwaka 2024 kundi jingine likapima na kukuta desmodiamu isiyotafunwa inatoa harufu kidogo sana, na nondo hawakuikwepa. Lenyewe likaona kazi inafanywa na vinyweleo vigumu vya desmodiamu, ambavyo huwachoma na kuwanasa viwavi wachanga wanaoshuka kutoka kwenye mahindi. Kwa mkulima, ubishi huu una tija moja ya haraka: hata kama harufu ndiyo inayofanya kazi, desmodiamu nyembamba yenye mapengo haikusaidii. Kama ni vinyweleo, pengo ndilo njia ya kiwavi. Jaza mapengo. Zika shina linalotambaa pingili mbili ndani ya udongo wenye unyevu na litashika mizizi.

*Kupanda.* Desmodiamu kama ilivyoelezwa juu. Brakiaria hupandwa kwa mbegu au kwa kugawa mashina, mistari mitatu, sentimita 50 kwa 50, mita 1 toka kwenye mahindi. Ukanda ni mwembamba: nusu ekari ileile inabaki na mita 41 kwa 41 za mahindi, ukipoteza takriban asilimia 17 badala ya 21. Mashina unayohitaji ni karibu 1,050.

*Kiangazi, mifugo, moto.* Mpango huu ndio unaostahimili ukame kuliko ule wa kwanza. Jani la kijani hushikilia majani muda mrefu zaidi na huchipua upesi mvua zikirudi. Usisome hapo ukaelewa kwamba haifi. Brakiaria changa isiyo na uzio, Julai, katikati ya ng'ombe wa kijiji kizima, haimalizi wiki, kwa kuwa ni tamu kuliko kitu chochote kilicho kijani wakati huo. Mwaka wa kwanza weka miiba au kubaliana na majirani mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji. Safisha pia mkanda wa mita 3 hadi 4 kuzuia moto kabla ya Julai.

*Faida nyingine.* Kiduha kinadhibitiwa kama kwenye mpango wa kwanza. Brakiaria ni malisho laini ambayo mbuzi na ng'ombe humaliza bila kubakiza mashina. Msimu wa pili kazi hupungua: unaifyeka desmodiamu, unachimba mistari ya mahindi peke yake, na hulimi shamba zima. Ukisahau kuifyeka, itayapanda mahindi machanga na kuyalaza.

*Kinachokwama.* Mbegu. Zote mbili ni ghali na hazipo kwenye kila duka la pembejeo. Njia ya kawaida ni kuanza na kipande kidogo, labda mita 15 kwa 15, ukakizalishia vipando vya shamba kubwa mwaka unaofuata. Brakiaria pia hushambuliwa na utitiri mwekundu katika vipindi vya joto na ukavu. Majani hupauka yakawa na madoadoa, na dawa yake ni kuyakata mapema yachipue upya.

*Anayefaa.* Wilaya nyingi za Tabora, na nyanda za chini za Kigoma kama Uvinza, kwa mtu mwenye mifugo yake na uwezo wa kulinda shamba mwaka wa kwanza.

3. Nyasi za molasi

*Mdudu na harufu.* Kwa harufu tupu, hizi ndizo zenye hoja iliyo wazi kuliko zote. Majani yake yananata na kunukia bila kuguswa na mdudu, na ndani ya harufu hiyo mna kemikali ileile ambayo mahindi huitoa yakishatafunwa. Utafiti wa 1997 ulionyesha kwamba zikipandwa katikati ya mahindi, funza wa mabua hupungua na nyigu wanaowashambulia huongezeka. Kwa viwavijeshi vamizi hazina ushahidi wa kiwango cha mpango wa pili.

*Kupanda.* Mbegu ni nyepesi na hupeperuka, changanya na mchanga unyevunyevu na uimwage juu juu. Mstari mmoja kwa kila mistari mitatu au minne ya mahindi. Zifyeke zikianza kuyazidi mahindi.

*Kiangazi, mifugo, moto.* Zinaota kwenye udongo duni, lakini zikikauka huwaka vibaya sana, na utomvu wake huongeza ukali wa moto. Karibu na pori la miombo linalochomwa kila mwaka hatuzipendekezi.

*Faida nyingine na kinachokwama.* Ni malisho, na harufu yake huwasumbua kupe. Hazitengenezi naitrojeni, hazigusi kiduha, na kwa kuwa ni nyasi zinagombania mbolea na mahindi.

*Anayefaa.* Mwenye mifugo na tatizo la funza wa mabua pekee, mbali na moto.

4. Mahindi na mikunde ya kula

*Mdudu na harufu.* Watu wa Kasulu watasema hiki si kipya, na ni kweli. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta mahindi yaliyochanganywa na maharage, soya au karanga yana viwavijeshi wachache kuliko mahindi peke yake, hasa kabla ya mbelewele. Sukuma-vuta ilifanya vizuri zaidi ya zote. Mikunde inachanganya harufu ya mahindi, inamkatizia nondo njia, na kumpa kiwavi mchanga anayepeperushwa na upepo mahali pabaya pa kutua.

*Kupanda.* Kinachotofautisha mseto wa kinga na mseto wa mazoea ni wakati na mstari. Panda mikunde siku moja na mahindi au hata wiki moja kabla, mstari mmoja katikati ya mistari ya sentimita 75, maharage kila sentimita 20, karanga kila 15. Maharage yakiwekwa baada ya palizi ya kwanza hayana majani katika wiki ya 2 hadi ya 6, na huo ndio wakati viwavi wanaingia kwenye moyo wa mmea.

*Kiangazi, mifugo, moto.* Havikuhusu. Msimu ukiisha, mikunde imeshavunwa. Kwa mtu asiye na uzio, hii peke yake inatosha kufunga mjadala.

*Faida nyingine.* Mboga, pesa ya mapema, na hakuna ardhi iliyoenda kwa nyasi. Kunde huchochea kiasi mbegu za kiduha kuota na kufa, lakini usiifananishe na desmodiamu.

*Kinachokwama.* Ulinzi unaisha maharage yakikomaa, na viwavi wa mwisho huingia kwenye hindi changa. Kila mwaka unaanza upya. Chotara lenye majani mapana pia huyafunika maharage yakazaa kidogo.

*Anayefaa.* Asiye na mifugo, mwenye shamba dogo au la kukodi.

Upimaji, kwa mipango yote

Kuanzia wiki ya 2 tembea shambani kwa umbo la W. Simama sehemu tano, kagua mimea 20 kila sehemu, fungua moyo wa mmea utafute kinyesi kibichi kama unga wa mbao. Yakifika mahindi 20 kati ya 100, mseto pekee hautoshi kwa msimu huo: okota viwavi na mayai kwa mkono kwenye shamba dogo, au nyunyizia sehemu zilizoshambuliwa. Kunyunyiza shamba zima dawa ya kuua kila kitu kunawamaliza nyigu wale ambao harufu iliwaita.

Ukiwa katika hali hii

*Kiduha kimejaa na una ng'ombe:* mpango wa 2 Tabora, wa 1 au wa 2 Kigoma milimani. Kama kiduha ndicho adui mkuu na pesa haitoshi kwa vyote, anza na desmodiamu. Ukanda wa nyasi unaweza kuja mwaka wa pili.

*Shamba chini ya robo ekari:* mpango wa 4. Ukitaka malisho pia, panda brakiaria kwenye kingo za mtaro au mpaka, bila kuhesabu kwamba itafanya kazi kamili ya kuvuta.

*Shamba la kukodi:* mpango wa 4. Usipande mimea ya miaka mingi kwa faida ya mwenye ardhi.

*Nzega na Igunga, mifugo mingi inayozurura:* mpango wa 2 ndani ya uzio tu. Bila uzio, kunde na mahindi ya muda mfupi.

*Viwavijeshi pekee, hakuna kiduha, hakuna mifugo:* hesabu kwanza soko la malisho. Kama jirani ananunua majani kiangazi, mpango wa 2 unajilipa. Kama hakuna mnunuzi, maharage au karanga.

*Unapokezana mahindi na tumbaku:* desmodiamu haitakaa, kwa sababu matuta ya tumbaku huing'oa kila unapogeuza shamba. Tenga kipande cha kudumu cha mahindi ya chakula karibu na nyumba, hapo ndipo uweke mpango wa 2, na kwenye zamu ya mahindi baada ya tumbaku tumia karanga kwa tahadhari: kama mizizi ya tumbaku yako ilikuwa na vinundu vya minyoo fundo, muulize afisa ugani kabla ya kuchagua jamii yoyote ya kunde.